Waya wa Taa na Shafti Iliyoliwa

Nyinyi vijana mnaoingia kazi ya mitambo, kila mkija barazani kwangu na kumaliza shikamoo zenu, swali lenu huwa lile lile: zamani za Mjerumani mliwezaje kutafuta hitilafu ya umeme bila kipimo? Mimi huwajibu kwamba tulikuwa na ulimi, vidole na roho mbaya. Mnacheka, mnadhani nasema uchawi. Roho mbaya ninayoisema ni ya kutoamini kitu. Usiuamini waya kwa sababu ni mpya. Usiamini alichokwambia mwenye mtambo. Wala usijiamini wewe mwenyewe, hasa saa ile unapojiona umeshajua.

Roho hiyo nilifundishwa, na nililipia kuipata.

Nilikuwa karakana ya Morogoro, karibu na stesheni, reli ikiwa bado mpya na watu wa milimani wakishuka kuja kuitazama tu. Nilianza kwa kuvuta mivukuto ya mhunzi, na nilipokwisha kuwa mtu mzima mwenye mke ndipo nikawekwa chini ya Fundi Kanji, Mhindi wa Kachi, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi sikio moja. Kanji hakuwa mkali. Alikuwa na tabia mbaya zaidi ya ukali: alikuacha ukosee mpaka mwisho, kisha ndipo akusemeshe.

Siku moja tulipelekwa kwenye mashine ya kuchambua pamba iliyogoma kuwaka. Mimi nikaona cheche haitoki, nikatangaza kwamba magneto imekufa. Magneto ndicho kile chombo kinachozalisha cheche za kuwashia injini. Nikaifungua yote. Nikapanga vipande vyake juu ya gunia, najisikia mkubwa kama daktari. Kanji amekaa pembeni anakula karanga. Nilipomaliza kuipasua akainuka, akachomoa plagi ya injini, akaipangusa kwa ncha ya shuka yake, akanionyesha ufa kwenye kauri yake, mwembamba kama unywele, umejaa tope.

"Cheche inapita hapa, inakimbia," akasema. "Ramadhani, wewe umechukua saa ya mtu, umeivunja ili ujue kama inatembea?"

"Fundi, ungeniambia mapema."

"Ningekuambia, ungesahau. Sasa irudishe magneto."

Ilinichukua siku mbili kuirudisha, na haikuwahi kutoa cheche vizuri tena.

Kanji ndiye aliyenifundisha pia kupima betri ndogo kwa ulimi. Ukigusisha ncha mbili za waya kwenye ulimi unasikia uchachu, kama kulamba sarafu ya shaba iliyolowekwa kwenye ukwaju. Uchachu ukiwa mkali, betri ina nguvu. Ukiwa wa mbali, imechoka. Msijaribu kwa umeme wa nyumba za siku hizi. Mtakufa, na mimi nitaitwa polisi.

Lakini niliyotaka kuwaeleza ni habari ya boti ya Bwana Krantz.

Krantz alikuwa Mjerumani mwenye shamba la pamba na mipira kule chini ya Matombo, pande zote mbili za Mto Ruvu. Ili kuvusha mizigo na watu, alileta boti ya mbao yenye injini ya petroli. Kwa wakati ule kilikuwa kitu cha ajabu. Watu walitoka Tawa na Kinole kuja kuisikiliza tu. Aliyeiendesha alikuwa Saidi Mloka, Mluguru kama mimi, mtu wa makamo, mnene wa mabega, aliyeyajua maji yale kama mnavyojua nyie njia ya kwenda nyumbani.

Ndani ya mwaka mmoja shafti ya boti ile ilikatika mara tatu. Shafti ni nondo ndefu inayotoka kwenye injini, inapenya nyuma ya boti na kwenda kuzungusha rafadha, lile panga la shaba linalosukuma maji. Ya kwanza ilipokatika walisema mwamba. Ya pili walisema chuma kibovu. Ya tatu Bwana Krantz aliileta karakana mwenyewe, imefungwa kwenye turubai, akaiweka mbele ya Kanji kama mtu anayeweka maiti.

Nakumbuka nilivyoinama kuitazama. Vijana, kutu ya kawaida mnaijua: nyekundu, inavimba, inabanduka kama ganda la mti. Hii haikuwa kutu ile. Upande uliokaa ndani ya boti ulikuwa mzima, hata alama za kiwandani zilisomeka. Upande uliokuwa majini ulikuwa umechimbika mashimo mashimo, ya kijivu, safi, kama muwa uliotafunwa. Mahali pengine ilibaki unene wa kidole cha mwisho.

"Tindikali," Bwana Krantz akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu, lakini kilieleweka. "Mtu ametia tindikali. Nimemkamata. Saidi. Nyumbani kwake nimepata chupa ya tindikali ya betri. Yuko boma, kwenye mnyororo. Jumamosi Bwana Shauri, hakimu wa boma, atasikiliza kesi."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Mnapaswa kuelewa hali ilivyokuwa. Vita vya Maji Maji havikuwa vimepita zamani sana. Wazungu walikuwa wakisikia neno "dawa" wanashika bunduki, na sisi tukisikia neno "boma" tunashusha sauti. Mluguru wa Matombo aliyesemwa kuharibu mali ya mzungu hakuwa na milango mingi ya kutokea. Na sisi wenyewe hatukuwa tukiaminiana. Kule mtoni wazee walikuwa wakinong'ona kwamba ni Kolelo, mzimu wetu mkubwa wa mlimani, amechukia kelele za injini ndiyo maana anatafuna vyuma. Wengine walisema Saidi kweli amefanya, na wengine kwamba amesingiziwa na mnyapara. Kila mtu alikuwa na wake wa kumshuku.

Kanji akaigeuzageuza ile shafti, akainusa. "Bwana, mahali hapa panakaa chini ya maji. Mtu atamwagaje tindikali chini ya maji?"

"Saidi anaogelea," Krantz akajibu.

"Labda," Kanji akasema. Alikuwa Mhindi katika nchi ya Mjerumani. Naye alikuwa na mipaka yake ya kusema.

Tukaamriwa kwenda kufunga shafti mpya. Tukapanda gari moshi mpaka Mikese, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana Kanji alishuka anatetemeka kwa homa, meno yanagongana. Tukamlaza kwa mwenye duka mmoja wa kwao. Wapagazi walikwisha kubeba shafti, hawakuwa watu wa kusubiri. Kanji akaniita, akatoa kwenye sanduku dira ndogo aliyoizungushia waya mwembamba mara nyingi, kama mtu anavyosokota uzi kwenye kigae.

"Unakumbuka kazi yake?"

"Umeme ukipita kwenye waya, sindano inageuka."

"Vizuri. Sasa sikiliza." Akanishika mkono, mkono wake ulikuwa moto kama pasi. "Usiende kutafuta mtu. Ukitafuta mtu utampata, hata kama hakufanya. Tafuta umeme."

Nilitembea siku moja na nusu nikilifikiria neno hilo, na nawaambieni kweli, sikulikubali. Nilikuwa nikimshuku Saidi. Chupa ilikutwa kwake. Na kama si Saidi, basi nilimshuku mnyapara wa shamba, mtu anayeitwa Feruzi, ambaye kila mpagazi aliniambia hapatani na Saidi. Nilikuwa nimeshapanga kesi yote kichwani kabla sijaiona boti.

Nilifika Jumatano alasiri. Bwana Krantz, aliyerudi mbele yetu kwa nyumbu, alinitazama kutoka miguuni mpaka kofiani.

"Yuko wapi Mhindi?"

"Anaumwa, bwana. Yuko Mikese."

"Wewe Mluguru?"

"Ndiyo, bwana."

"Saidi Mluguru." Akamwita askari mmoja, Mmanyema jina lake Farjala. "Mtazame huyu. Popote."

Basi nikafanya kazi yote nina mtu mwenye bunduki mgongoni. Nikiinama, naye anainama. Nikichukua bisibisi anataka kujua ni ya nini. Nilikuwa nimekuja kushuku watu, nikajikuta nashukiwa mimi.

Kabla jua halijashuka alikuja mwanamke mmoja mpaka ukingoni, kajifunga kaniki, hakusogea karibu. Alikuwa Mwanaidi, mke wa Saidi.

"Wewe ndiye fundi wao?" akauliza.

"Ndiyo, dada. Hujambo?"

Hakujibu salamu. "Umekuja kutafuta alichoharibu mume wangu, au umekuja kutafuta kilichoharibika?"

Nikajifanya nakaza nati. Nikamwuliza habari ya chupa.

"Chupa zilikuwa mbili," akasema. "Bwana mwenyewe alizitoa zikiwa tupu, akamwambia Saidi akinge maji ya mvua, ayatie kwenye betri likipungua. Moja wamechukua. Nyingine hii hapa." Akaifunua kutoka kwenye kaniki, chupa ya kioo kizito. Farjala akaitambua na kuinua bunduki. Mimi nikanyoosha mkono niichukue nilambe kidogo kwa ncha ya kidole, kama nilivyofundishwa. Hakunipa. Aliizibua, akaiinamisha kinywani, akanywa. Akanywa mpaka maji yakamchuruzika kidevuni, huku anatutazama.

Kama ingekuwa tindikali, tungemzika.

Akapangusa mdomo. "Nyumba nzima tumekunywa haya wakati mto umejaa tope. Na jambo jingine, kwa kuwa hakuna anayeuliza. Betri lilikuwa linakufa. Lilijazwa, na baada ya siku mbili limekufa, hata taa haijawashwa. Saidi alimwambia bwana mara tatu. Bwana akasema anaongopa, anaiwasha taa mwenyewe aende kuvua samaki."

"Taa gani?"

"Taa ya nyuma ya boti. Bwana aliifunga mwenyewe."

Hapo ndipo masikio yangu yalipofunguka. Lakini msinisifu. Hata baada ya kumwona anakunywa, nilijiambia mtu anaweza kuweka maji leo na tindikali ikawa ilikuwa jana. Ndivyo shaka ilivyo. Ukiiachia mtu, haishibi. Kilichonizuia ni kwamba betri linalokufa peke yake si habari ya mtu. Ni umeme unaokwenda mahali.

Alhamisi alfajiri nilipokwisha kupata mwanga wa kutosha niliingia botini. Kwanza nikatazama rafadha. Karibu yake palikuwa na kibonge cha madini ya zinki, kimefungwa kwa parafujo. Hicho huwekwa makusudi. Shaba na chuma vikikaa pamoja majini, kimoja hula kingine, na mara nyingi chuma ndicho kinacholiwa. Zinki huwekwa ili iliwe badala yao. Ukikuta zinki imechakaa, furahi. Hii ilikuwa nzima kabisa, inang'aa, imepakwa rangi ya kijani.

"Nani aliipaka?" nikauliza.

"Mimi," akasema mnyapara Feruzi kwa fahari, amesimama ukingoni na fimbo yake. "Kila mwezi. Isipate kutu."

Mshukiwa wangu wa pili. Alikuwa ameifunga mdomo zinki ili ipendeze. Ubaya wote niliokuwa nimempachika njia nzima kutoka Mikese ukaishia kwenye kopo la rangi.

Lakini zinki peke yake haikutosha. Kwenye maji matamu ya mto, shaba ingechukua miaka kukila chuma kiasi kile. Palikuwa na kitu kinachoharakisha.

Taa ilikuwa imezimwa. Nikafungua waya mmoja wa betri, nikaiweka ile dira ya Kanji katikati ya waya na betri, ili umeme wowote utokao upite humo kwanza. Kama kila kitu kimezimwa, sindano inapaswa kulala. Ikageuka. Ikasimama imeelekea pembeni, inatikisika kidogo, kama mbwa aliyesikia mtu mlangoni.

Farjala akachungulia juu ya bega langu. "Kuna mdudu humo?"

"Kuna umeme unaotoroka."

"Unakwenda wapi?"

"Ndilo ninalotafuta."

Hapa wekeni akili, maana kazi hii haijabadilika hata mkiwa na vipimo vya namna gani. Usifukuze waya wote kwa pamoja. Tenga kimoja kimoja. Niliondoa waya wa kuwashia injini, sindano haikurudi. Niliurudisha, nikaondoa waya wa taa, sindano ikalala. Kwa hiyo mwizi alikuwa kwenye njia ya taa. Nikaufuata kwa vidole, kiganja kwa kiganja. Ulipita chini ya sakafu, kwenye ngama, pale chini kabisa ya boti panapokusanya maji. Nikang'oa ubao.

Waya ulikuwa umefungwa vizuri mno. Vibanio vya shaba, vimepimwa nafasi sawasawa, kazi ya mtu anayependa kazi yake. Na karibu na nyuma kabisa, panya walikuwa wametafuna mpira wake urefu wa kidole. Shaba iliyokuwa wazi ilikuwa imegeuka kijani, imelala ndani ya maji, imegusa kikombe cha chuma kinachoshika shafti.

Nikachukua kijiti kikavu, nikauinua waya usiguse. Sindano ikalala. Nikauachia. Ikageuka. Nikarudia mara tatu, kisha nikampa Farjala kijiti arudie mwenyewe.

Mambo yakakaa sawa kichwani mwangu. Shafti ile iliungwa na injini kwa kiungo cha ngozi, ili isitikise boti. Kwa hiyo ilikuwa imetengwa na injini. Umeme ulitoka kwenye waya wa taa ukaingia kwenye shafti, na njia ya kurudi kwenye betri haikuwa nyingine ila kupita majini mpaka kwenye bomba la kupozea injini lililochovya mtoni, maana ncha ya pili ya betri ilifungwa kwenye mwili wa injini. Na pale umeme unapotoka kwenye chuma na kuingia majini, unaondoka na chuma chenyewe. Mchana na usiku, taa ikiwaka au isiwake. Lile betri lilikuwa linakula shafti huku likijimaliza.

Nikakaa ukingoni. Mnadhani nilifurahi? Niliogopa. Aliyefunga waya ule alikuwa Bwana Krantz mwenyewe. Kumwokoa Saidi ilibidi nikamwambie Mjerumani, mbele ya watu wake, kwamba vyuma vyake ameviharibu yeye.

Palikuwa na njia nyingine, na nawaambieni kwa sababu ningekuwa mwongo nikiificha. Ningeweza kuubandika waya ule kitambaa cha lami, nikaupitisha juu, nikakwangua rangi kwenye zinki, nikafunga shafti na kurudi Morogoro. Boti isingeharibika tena. Bwana angefurahi. Wote wangesema: mnaona, Saidi alipoondoka uharibifu ulikoma. Niliifikiria njia hiyo kwa muda wa kuvuta kiko kizima. Kilichoniinua si ushujaa. Nilimwona Mwanaidi amekaa ng'ambo ya majani, hajaondoka tangu alfajiri, ananitazama nisivyofanya kitu.

Nikaenda nyumbani kwa bwana. Sikumwambia habari ya waya. Nilimwomba anione nikipima jambo, na nikamwomba vitu vyote vitoke kwake: bilauri kutoka mezani pake, misumari miwili kutoka kwenye kasha lake, aichague Farjala, maji ya mto ayateke Feruzi, chumvi kidogo kutoka jikoni kwake. Sikugusa kitu mpaka vyote viko mezani, ili lisije likasemwa neno dawa.

"Chumvi ya nini?" akauliza haraka.

"Maji yapitishe umeme upesi, bwana. Tusikae mwaka."

Akaichovya kidole, akailamba, akaniruhusu.

Nikatumbukiza misumari, nikaiunga na ncha mbili za betri lililokuwa limejazwa. Mmoja ukaanza kutoa mapovu madogo. Mwingine ulikaa kimya, lakini maji karibu yake yakaanza kugeuka rangi, kama chai inayokolea. Tukakaa pale barazani, watu wanne. Kufikia adhuhuri bilauri ilikuwa imechafuka. Nikaitoa misumari. Wa mapovu ulikuwa vile vile. Ule mwingine ulikuwa umekonda, una mashimo mashimo ya kijivu.

Bwana Krantz akauchukua, akaukwaruza kwa ukucha. Akaenda ndani, akarudi na kipande cha shafti iliyokatika, akaviweka pamoja.

Nampa haki yake: hakuamini. Akamwaga maji, akateka mengine mwenyewe, akatia chumvi, akachukua misumari mingine, akaziunga ncha kinyume na nilivyoziunga mimi, akatoa saa yake mfukoni na kukaa. Safari hii ukaliwa msumari wa upande wa pili. Akaitazama saa, akautazama msumari, akanitazama mimi.

"Wapi?" akasema.

"Kwenye ngama, bwana. Nyuma."

Akashuka mwenyewe mpaka botini. Akalala kifudifudi na suruali yake nyeupe juu ya mbao zenye mafuta, akaingiza kichwa chini ya sakafu. Alikaa muda mrefu. Tuliona mgongo wake tu. Niliangalia mikono ya Farjala ilivyoishika bunduki, nikaona naye anasubiri kuambiwa la kufanya nami.

Bwana akatoka na kipande cha waya alichokikata kwa kisu. Mashavu yake mekundu, sijui kwa hasira au kwa kuinama.

"Panya," akasema.

Nikatazama vile vibanio vizuri vilivyobaki kwenye ubao. Ningeweza kusema kwamba waya wa taa haupitishwi kwenye ngama hata kama dunia haina panya. Ningeweza kusema habari ya mara tatu alizoambiwa.

"Ndiyo, bwana," nikasema. "Panya."

Akaandika barua pale pale kwa Bwana Shauri, na Farjala akaondoka nayo kabla ya alasiri. Naambiwa ndani ya barua ile walitajwa panya, hakutajwa aliyepitisha waya, wala Saidi hakuombwa radhi. Lakini ilifika Jumamosi asubuhi, nao wakamfungua mnyororo. Viboko alikuwa amekwisha kula, hamsa ishirini, yaani ishirini na tano, siku ya kwanza, kwa kosa la kukana.

Nilimaliza kufunga shafti Ijumaa. Waya mpya niliupitisha juu, chini ya ukingo wa boti, ambako maji hayafiki na jicho linaona. Zinki niliikwangua mpaka ikabaki uchi, nikamwonya Feruzi asiiguse, akanuna. Na nikafunga swichi hapo hapo kwenye betri, ya kukata umeme wote kazi ikiisha. Shafti ile haikukatika tena kwa muda wote niliokuwa na habari zake. Nanyi mkifanya kazi kwenye boti, fanyeni hivyo hivyo.

Mikese nilimkuta Kanji ameketi kitandani anakunywa uji. Nilimsimulia yote. Hakuuliza habari ya Saidi wala ya askari. Aliuliza, "Uligeuza ncha, kuhakikisha?"

"Bwana alizigeuza mwenyewe."

Kanji akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Basi huyo angefaa kuwa fundi," akasema. "Bahati mbaya ana shamba."

Saidi alikuja karakana baada ya wiki kadhaa. Nilikuwa sijawahi kuonana naye ana kwa ana. Alikaa kwa upande kwenye benchi, kwa sababu mgongo ulikuwa bado haujapona. Hakuwa amerudi kwenye boti na hakutaka kurudi. Alikuwa akienda kulima mpunga kwa wajomba zake. Alitaka tu kuelezwa kilichokula shafti. Nikamchorea kwa chaki sakafuni: betri, waya, panya, maji. Alikuwa mwepesi wa kuelewa, kuliko wengi wenu. Akauliza maswali mazuri kuhusu kile kiungo cha ngozi.

Tulipomaliza, aliweka kidole kwenye mchoro wa waya.

"Na kama ungeukuta waya mzima?" akauliza.

Kanji aliacha kupiga tupa. Nikampa jibu la kweli.

"Ningesema ni wewe."

Saidi akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepimiwa kitu na kukuta uzito ni ule ule alioukisia. Akainuka, akashika benchi kwanza kupata nguvu.

"Haya," akasema. "Mwanaidi alinambia hivyo hivyo."

Akatupa mkono sote wawili, akaondoka kwa miguu kuelekea milimani.